Jua Lilikuwa Nene Mno: Kisa cha Madishi Mawili, Tororo na Bungoma

Jumamosi tatu mfululizo, dishi moja mjini Tororo na jingine Bungoma, ng'ambo ya mpaka, yalielekezwa kwenye Jua kwa dakika zilezile. Kila dishi likarekodi. Rekodi mbili zikaingizwa kwenye kompyuta moja ili zilinganishwe, na mara zote tatu jibu likawa hakuna kitu. Si kwamba kilionekana kidogo au hafifu. Mstari ulilala bapa kama meza.

Ndipo nikapigiwa simu. Mimi ni fundi wa mitambo ya redio, umri umenishusha kutoka minarani, na walimu wawili walioanzisha jambo hili wananifahamu kwa sababu niliwahi kuwatengenezea vifaa vya maabara. "Mzee, njoo utuambie tumekosea wapi," akasema yule wa Tororo. "Nafikiri ni saa. Saa zetu zimetuangusha." Kabla sijapanda taksi nilikuwa nimeshakubaliana naye. Tulikosea sote wawili, na ndiyo sababu naandika.

Walichotaka kufanya kina historia ndefu. Dishi likiwa pana, linaweza kutofautisha vitu vilivyokaribiana zaidi angani, lakini hakuna chuma kinachoweza kubeba dishi la kilomita 1,000. Ujanja ni kuweka madishi mawili mbalimbali, yarekodi mawimbi yaleyale kwa wakati uleule, kisha rekodi zioanishwe. Kwa upande wa ukali wa kuona, yanakuwa kama vipande viwili vya dishi moja lenye upana sawa na umbali kati yao. Wakanada na Wamarekani waliweza hilo mwaka 1967 bila waya wowote kuunganisha vituo, kila kituo kikiwa na saa yake na kanda zake. Mwezi Aprili 2017 darubini 8 zilizo mahali 6 duniani, zikiwamo za Chile, Hawaii, Hispania na Ncha ya Kusini, zilifanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya milimita 1.3, na tarehe 10 Aprili 2019 dunia ikaonyeshwa ile pete ya moto inayozunguka shimo jeusi la galaksi M87. Picha hiyo ndiyo iliyowatia wazimu walimu wangu.

Vifaa vyao ni vya dukani. Kila upande una dishi la televisheni la sentimita 90, LNB yake (kile kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi), waya, na kile kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB ambacho vijana hununua ili wasikilize redio kwa kompyuta. LNB hupokea mawimbi ya gigahezi 11 hivi na kuyateremsha hadi kwenye megahezi elfu na ushei, ambazo waya na kipokezi wanazimudu. Kipokezi huchukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kila sampuli baiti 2. Piga hesabu: megabaiti 4.8 kila sekunde, karibu gigabaiti 3 kwa dakika 10. Dakika 10 ziliwatosha, maana dishi la ukubwa huo huona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 2 tu, na ukiliacha limetulia, Jua hukatiza kipande hicho na kupita zake.

Gigabaiti 3 za bando kila wiki kwa mshahara wa mwalimu si mchezo, kwa hiyo data ilisafiri kwa flashi. Dereva wa matatu aliibeba kutoka Bungoma hadi Malaba, mwanafunzi mmoja akaipokea na kuivusha kwa miguu. Wiki ya pili, mtu mmoja pale mpakani akamuuliza kuna nini ndani. "Jua," kijana akajibu kwa uaminifu wake wote. Alikalishwa kwenye benchi nusu saa.

Nilimwambia asinune. Data ya picha ya M87 ilikuwa petabaiti 5 hivi, yaani gigabaiti milioni 5, diski zake zilikuwa na uzito wa nusu tani, na hakuna intaneti ambayo ingeisafirisha kwa wakati. Ilipakiwa kwenye ndege hadi Massachusetts, Marekani, na Bonn, Ujerumani. Diski za Ncha ya Kusini zilinasa huko miezi kadhaa, kwa sababu wakati wa majira ya baridi hakuna ndege inayotoka. Zilifika Desemba. Wakubwa wa sayansi nao wamekaa kwenye benchi.

Nikaanza na saa, kama tulivyokubaliana kwenye simu. Kompyuta zao zilikuwa zinapata wakati kupitia intaneti ya simu, na njia hiyo inaweza kukosea kwa makumi ya milisekunde. Kwenye vituo vikubwa kila darubini ina saa yake ya haidrojeni, ambayo ingehitaji mamilioni ya miaka ili ikosee sekunde 1. Ukilinganisha hizo mbili unaona aibu. Lakini kupishana kwa saa peke yake kunatibika baadaye: programu inaisukuma rekodi moja mbele na nyuma, sampuli baada ya sampuli, mpaka zioane. Nikakuta mwalimu wa Tororo ameshaisukuma milisekunde 100 kila upande, yaani hatua 480,000 kwa jumla. Hiyo ilitosha kabisa. Saa ilikuwa mbovu, ila haikuwa mwizi tuliyekuwa tunamtafuta.

Nikaomba daftari. Tabia yangu ya kazini ni kwamba siamini kompyuta kabla sijaona mwandiko wa mtu. Ukurasa wa Tororo ulisema LNB imepewa volti 13. Ukurasa wa Bungoma, volti 18.

Fundi yeyote wa madishi mtaani amekwishaiona shida kabla sijaitaja. LNB ikipewa volti 13 husikiliza mawimbi yanayotikisika wima, ikipewa 18 husikiliza yale ya mlalo. Mawimbi ya Jua hutikisika kila upande bila mpango, na sehemu yake ya wima haina habari na sehemu ya mlalo. Ukiwalinganisha hao wawili ni kama kumuuliza shahidi wa ajali ya Mbale kuhusu ajali ya Jinja. Kila mwalimu alichagua volti iliyompa picha nzuri ya televisheni siku ya kujaribu dishi lake, na nyumbani kwake kila mmoja alikuwa sahihi. Kosa lilizaliwa walipokutana.

Ndiyo maana kwenye mitandao mikubwa, kabla dishi lolote halijageuka, kila kituo hutumiwa ratiba moja: chombo gani cha angani, sekunde ipi, masafa gani, mtikisiko upi, rekodi iandikwe kwa muundo gani. Muundo huo wenyewe ulikubaliwa kimataifa mwaka 2009, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na mashine zake za kurekodi na zilikuwa hazisomani. Mtandao wa Ulaya, ulioundwa mwaka 1980, hufanya kazi kwa misimu mitatu kwa mwaka, na rekodi hupelekwa Dwingeloo, kijiji cha Uholanzi, kulinganishwa. Watu wakisema "ushirikiano wa kimataifa" huwa nafikiria mawaziri na kalamu. Sehemu kubwa yake ni volti 13 na volti 18.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya LNB zenyewe. Ili iteremshe masafa, LNB ina osileta, kidude kinachopiga mapigo bilioni 9.75 kwa sekunde. Katika LNB za bei nafuu kidude hicho hufuata joto la plastiki inayokifunika, na hapa tumezielekeza LNB mbili kwenye Jua la saa sita mchana! Nilipopima ya Tororo asubuhi na baadaye mchana, ilikuwa imehama kilohezi mia kadhaa. Ya Bungoma ilikuwa inahama kwa mwendo wake. Kama kuhama kungekuwa kwa kiasi kimoja, programu ingekirekebisha, lakini kitu kinachoyumba hakirekebishiki kwa hesabu moja. Mapigo mawili yasiyoshikana huzungukana maelfu ya mara kwa sekunde, na ukijumlisha, kila kinachopanda kinafutwa na kinachoshuka.

Makosa mawili, basi. Mwalimu wa Tororo alifurahi, akasema sasa tununue LNB nzuri, tuweke volti moja, turudi kwenye Jua Jumamosi ijayo. Nami nilikuwa tayari kuondoka, mkoba begani. Nikaketi kumalizia chai, na mkono wangu ukaanza kupiga hesabu nyuma ya karatasi.

Urefu wa wimbi lao ni sentimita 2.7. Umbali wa Tororo na Bungoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 44. Gawa cha kwanza kwa cha pili, upate upana wa mlia mmoja wa mwingiliano angani, yaani hatua ya kando inayotosha kuyatoa mawimbi ya pande mbili kwenye kupanda pamoja, yapishane, mpaka yapande pamoja tena: sehemu 0.13 ya sekunde ya tao, ukikumbuka kwamba nyuzi 1 ina sekunde za tao 3,600. Na upana wa Jua? Sekunde za tao 1,900. Jua lilikuwa nene kuliko mlia wao karibu mara 15,000.

Hapo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu hilo halinunuliwi dukani. Jua si nukta. Kila kipande cha uso wake hutoa mawimbi yake, yasiyojuana na ya jirani. Kipande kimoja kinayaleta mawimbi Tororo na Bungoma yakipanda pamoja. Kipande kilicho kando kidogo kinayaleta moja likipanda na jingine likishuka. Jumlisha milia 15,000 ya namna hiyo na unapata sifuri safi, hata ukiwa na saa za haidrojeni pande zote mbili, hata volti zikiwa pacha. Ili madishi mawili yalione Jua kwa masafa hayo, yanatakiwa yasiachane zaidi ya mita 3 hivi. Upana wa baraza.

Na madishi haya yaliwahi kukaa kwenye baraza! Mwezi wa kwanza wa jambo hili, kabla la pili halijapelekwa Bungoma, yote mawili yalisimama nyuma ya maabara ya Tororo, hatua tatu baina yao. Wakayatenganisha ili "yaone zaidi".

Neno hilo, zaidi, ndilo lililotuponza, mimi nikiwamo. Tunadhani mtandao ukipanuka unaona vitu vingi zaidi. Ukweli ni kwamba kila jozi ya madishi huona ukubwa wake tu. Jozi iliyoachana mbali huona vitu vyembamba na ni kipofu kwa vinene, jozi iliyokaribiana ni kinyume chake. Ndiyo sababu kati ya zile darubini 8 za mwaka 2017, mbili zilikuwa jirani juu ya mlima mmoja wa Hawaii, kama mita 160 baina yao, na nyingine mbili kwenye jangwa moja la Chile, kilomita 2 na ushei. Nilipoisoma habari hiyo zamani nilidhani ni ufujaji. Ndiyo sababu pia kwenye darubini ya MeerKAT, huko Karoo, Afrika Kusini, madishi 48 kati ya 64 yamesongamana ndani ya eneo la kilomita 1, ilhali nchi yote ile ni wazi.

Sasa itazame ramani ya bara letu kwa jicho hilo. Kwa miaka mingi dishi kubwa la Hartebeesthoek karibu na Johannesburg, la mita 26, lililojengwa mwaka 1961 kufuatilia vyombo vya NASA, limekuwa likishirikiana na madishi ya Ulaya. Ulaya wamekaa pamoja, umbali baina yao mamia ya kilomita hadi elfu chache. Hartebeesthoek iko peke yake kilomita kama 8,000 kusini. Katikati hakuna mtu. Jozi za karibu zipo, jozi za mbali sana zipo, na vyote vyenye ukubwa wa kati vinapenya kwenye tundu hilo kama dagaa kwenye wavu wa sangara.

Mpango wa Mtandao wa Afrika wa darubini za aina hii ulilenga tundu hilo. Afrika Kusini iliunganisha nguvu na nchi 8: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Njia iliyochaguliwa ni ya mtu mwenye akili na pesa kidogo. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa na madishi makubwa ya setilaiti yaliyobeba simu za ng'ambo tangu miaka ya 1970 na 1980. Nyaya za baharini zilipofika, kwetu Afrika Mashariki kuanzia Julai 2009, madishi hayo yakakosa kazi. Dishi la Kuntunse, Ghana, mita 32, liligeuzwa darubini na kuzinduliwa Agosti 2017. Liliundwa kwa masafa ya simu za setilaiti, na kwa bahati masafa hayo yamepakana na gigahezi 6.7, ambako methanoli iliyo kwenye mawingu yanayozaa nyota hulia kwa nguvu. Kenya nayo ina dishi la Longonot, chini ya ule mlima wa volkano.

Uganda haimo kwenye orodha, na lipo jambo linaloniudhi kidogo. Julai 2010 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipotangaza kuiunga mkono Afrika Kusini iongoze zabuni ya bara hili ya darubini kubwa ya redio iitwayo SKA, walikuwa wamekutana Kampala. Chai ilinywewa kwetu. Kituo cha setilaiti pia tunacho, Mpoma, wilaya ya Mukono, ambacho kimehusishwa na setilaiti yetu ndogo PearlAfricaSat-1 iliyorushwa tarehe 7 Novemba 2022. Kutoka Mpoma hadi Hartebeesthoek ni kama kilomita 3,000, hadi Kuntunse kama 3,700, hadi dishi la Effelsberg, Ujerumani, kama 6,000. Soma tena namba hizo ukikumbuka lile tundu.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akadai dishi kesho. Nimefanya kazi na chuma kikubwa, nakijua. Oktoba 2008 beringi moja ya Hartebeesthoek ilivunjika, na dishi likalala hadi mwaka 2010, katika nchi yenye mafundi na bajeti. Dishi lisilo na watu wake ni mti wa kunguru. Na kuna mlango mwingine usiohitaji chuma: muda wa kutumia mtandao wa Ulaya huombwa na mwanafalaki yeyote wa nchi yoyote, ombi hupimwa kwa ubora wake, na data baada ya mwaka mmoja huwekwa wazi kwa wote. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina watu wanaosomea falaki hadi uzamivu. Mimi ningeanza na hao.

Turudi kwenye kisa. Niliwapa walimu chaguo mbili. Ya kwanza, warudishe madishi barazani, walitazame Jua kwa mita 3, na watapata milia mizuri. Walikataa hata kuisikiliza. Kijana wa flashi ndiye aliyekataa zaidi, nadhani kwa sababu ya benchi.

Ya pili: kama wanataka kuachana kilomita 44, watafute kitu chembamba chenye sauti kubwa. Chembamba angani kipo tele, kwasari, yaani viini vinavyong'aa vya galaksi za mbali, zimejaa, ila kwa dishi la sentimita 90 zote zinanong'ona mno. Kitu chembamba chenye kelele kwa masafa hayo kimetengenezwa na binadamu, nacho ni setilaiti ya televisheni. Iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki inakaa karibu juu ya utosi wetu, kilomita 36,000, na antena yake kwa umbali huo ni nyembamba kuliko mlia wao wa 0.13. Haihitaji kufumbuliwa wala kulipiwa. Tunalinganisha kelele tu, hatutazami mpira.

Walinunua LNB mbili za aina ya PLL, ambazo osileta yake imefungwa kwa kristali na haikimbii hovyo na joto. Volti 18 pande zote mbili, imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye madaftari yote mawili. Masafa yaleyale, na dakika 2 badala ya 10. Hizo ni megabaiti 576, zikapita kwa simu bila kuvuka mpaka kwa miguu. Programu ikaongezwa kazi: isisukume rekodi kwa wakati peke yake, isukume na masafa kilohezi kadhaa huku na huku, maana kristali nazo hazilingani kabisa.

Ilikuwa saa mbili usiku, Tororo, umeme umekatika, kompyuta iko kwenye betri, mwalimu wa Bungoma yuko kwenye spika ya simu. Ule mstari bapa ukatoa mwiba mmoja, mwembamba, mrefu, kwenye sampuli ya 91,200. Tukarudia na dakika ya pili. Mwiba uleule, karibu mahali palepale.

Sampuli 91,200 ni milisekunde 38. Umbali wa kilomita 44 hauwezi kuleta zaidi ya milisekunde 0.15, kwa hiyo karibu yote ni kupishana kwa saa, ile tuliyoilaumu tangu mwanzo. Mwalimu wa Tororo akasema kwenye simu, "Ndugu yangu, saa yako imechelewa milisekunde 38." Upande wa pili ukajibu kwamba saa ya Bungoma haijawahi kuchelewa, ya Tororo ndiyo inayokimbia. Wakanigeukia mimi. Nikawaambia rekodi mbili hutoa tofauti tu, hazimtaji mwenye kosa, na kwamba kumjua kunahitaji kituo cha tatu. Mpaka naandika haya bado wanabishana kiwekwe Mbale au Kitale.